Nilitia Saini Kwanza

Sijawahi kumkimbia mwanamume ninayempenda. Lakini Ijumaa ile, nilipomwona amesimama mlangoni mwa karakana ya baba yake, mikono imejaa grisi mpaka viwikoni, meno yote nje, nilitamani nigeuke nirudi nilikotoka kabla hajaniona. Nikachelewa. Alishaniona.

"Mhandisi!" akaita. "Saa tatu kasorobo, na jaribio ni saa nne. Umeshindwa kuvumilia?"

Mafundi wawili waliokuwa wakikaza bolti za bomba wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mwache shemeji yetu, Fundi. Mwenye hamu huiona Jumapili iko mbali."

Shemeji! Mwezi mmoja tu nyuma watu hao hao walikuwa wakiniita Bibi Kompyuta, tena nikishawapa mgongo. Nilijilazimisha kutabasamu, mashavu yakaniuma.

"Nataka kuzungumza na wewe," nikamwambia Fundi. "Peke yetu."

"Hata salamu hakuna?"

"Salamu baadaye."

Kicheko kikamtoka usoni taratibu. Tumependana miaka miwili, ananijua nikitania na ananijua nisipotania. Akachukua kitambaa, akajifuta kidole kimoja kimoja huku akinitazama, kisha akanitangulia kwenye stoo ya vipuri, chumba chembamba chenye rafu za pini, boksi za bolti na harufu ya mafuta mazito. Akarudisha mlango. Akataka kunishika kiuno.

"Usinishike kwanza."

"Ala! Kuna nini? Mama yako amebadili mawazo?"

"Mama? Mama tangu juzi anapiga pasi mapazia. Jana kaazima viti kwa majirani, anasema wageni wa Jumapili hawawezi kukalia viti vyetu."

"Basi nini? Umeniogopesha."

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, na sasa hata moja sikuliona.

"Vali haifai," nikasema.

"Vali gani?"

"Ya baba yako."

Hapa sina budi kusimama kidogo nikiri makosa yangu, maana usipoyajua utanihurumia bure.

Kituo cha maji cha mji wetu kilikuwa kinatafuta vali kubwa ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Ndani ya vali hiyo kuna kilango cha chuma, kimening'inia kwenye bawaba. Pampu ikisukuma, kilango kinafunguka, maji yanapanda kwenda kwenye tangi la mlimani. Pampu ikizima, kilango kinajifunga, la sivyo maji yote ya mlimani yangeteremka kwa kishindo na kupasua kila kitu, pamoja na mtu atakayekuwa karibu. Baba yake Fundi, mzee anayeitwa Nyundo na kila mtu isipokuwa mkewe, aliibuni vali hiyo mwenyewe, akaichora kwa penseli, akayeyusha chuma na kuisubu mwenyewe. Kituo kikasema: nzuri, ila kabla hatujainunua tunataka ripoti ya kompyuta. Kazi ikaja ofisini kwetu. Ikaangukia mezani kwangu.

Nilipaswa kumwambia bosi, "Huyu mzee nataka kuolewa na mwanawe, mpe mwingine." Sikusema. Hilo la kwanza.

La pili ndilo lililonikosesha usingizi. Kazi yangu ni kuyakata maji vipande vidogo vidogo, malaki kwa malaki, nikavifuma kama wavu ndani ya kompyuta, na chuma nacho vivyo hivyo. Halafu naiachia programu ihesabu: maji yanakisukuma kilango kiasi gani, kilango kinasogea kiasi gani, kikisogea maji yanapinda wapi, yakipinda yanakisukuma vipi tena. Hesabu inakwenda na kurudi kwa kila sehemu ndogo ya sekunde. Na kwa kuwa kilango kinacheza, wavu unavutika mpaka unachanika, inabidi ufumwe upya. Hesabu ya namna hiyo inaweza kula wiki mbili.

Lakini kuna njia ya mkato. Unakigandisha kilango. Unakiweka wazi kabisa, unapima nguvu ya maji. Unakiweka nusu, unapima. Unakifunga, unapima. Kilango hakichezi, wavu hauchaniki, na jibu unalo kesho yake kabla ya chai. Kila mtu wa kazi yetu anajua kuwa kitu kinachocheza ndani ya maji hakipimwi hivyo. Nami nilijua.

Ila Mzee Nyundo alikuwa ametamka, sebuleni kwake, mimi nimekaa mbele yake mikono juu ya magoti kama mwanafunzi: "Mwanangu anataka kuoa mtu anayeijua vali kwa picha. Haya. Kazi yangu ikipita mikononi mwake kabla mwezi haujaisha, nitakwenda kwao kwa miguu yangu mwenyewe. Isipopita, tujue yeye na mimi hatuwezi kuwa watu wa nyumba moja."

Miaka miwili alinikataa. Miaka miwili Fundi alikuwa akinisindikiza mpaka kona ya nyumba yao na kuishia hapo. Na mwezi ulikuwa umebakiza siku tano. Nikakigandisha kilango. Jibu likaja zuri, kila namba ndani ya mipaka, nikatia saini. Wiki hiyo hiyo mzee akatangaza kuwa Jumapili ya mwanzo wa mwezi watu wake watakuja kwetu kuposa.

Hesabu yenyewe, ile ndefu, niliiwasha baada ya kutia saini, kwenye kompyuta ya pembeni, nikiomba Mungu ikubaliane na mimi. Iliisha Ijumaa hiyo saa moja asubuhi. Haikukubaliana na mimi.

"Kikiwa nusu wazi hakitulii," nilimwambia Fundi pale stoo. "Maji yanakisukuma, kinayarudisha, yanakirudia kwa nguvu zaidi. Kinapiga, kinapiga, kinapiga. Pini ya bawaba haimalizi wiki."

"Lakini tumeijaribu mara sita! Hapa hapa, kwa macho yangu."

"Mliifunguaje?"

Akautazama mlango uliorudishwa.

"Niambie, mliifunguaje?"

"Unamjua baba," akasema kwa sauti ya chini. "Anafungua maji yote kwa mpigo mmoja. Anasema maji hayabembelezwi."

"Basi nusu hamkuwahi kuiona. Mliipita tu. Kule kituoni mchana kutwa pampu inakwenda nusu, ipo kwenye maelezo ya kazi, ukurasa wa pili. Kilango kitakaa nusu wazi kwa saa nyingi kila siku."

Alikaa juu ya boksi la bolti. Aliinamisha kichwa akakipapasa kwa mikono miwili, akajipaka grisi kwenye nywele bila kujua. Nilitamani nimfute. Nilibaki nimesimama.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Leo saa moja. Nimekuja moja kwa moja, hata..."

"Sikuulizi ulijua lini kuwa vali ni mbovu. Nakuuliza ulijua lini kuwa hujamaliza kuhesabu."

Mungu wangu. Mtu akikupenda anajua pa kuuliza. Ningeweza kumdanganya, uongo ulikuwa mdomoni tayari, mtamu, mwepesi. Nikautazama uso wake nikashindwa.

"Siku niliyotia saini."

"Na siku ile usiku ulinipigia simu. Ukalia kwa furaha."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unalia nini?"

Nje mtu alikuwa akigonga bomba, na mafundi wakibishana kuhusu spana namba kumi na tisa nani kaificha.

Fundi akainuka. Akaja karibu, karibu sana, mpaka nikasikia pumzi zake, na nilidhani ananikumbatia. Badala yake alinong'ona, "Sikiliza. Leo baba atafungua yote, kama kawaida yake. Mteja ataona, atasaini, atakwenda zake. Jumapili tutakuja kwenu. Jumatatu mimi nachukua vali, naweka pini nene zaidi, ya chuma kigumu. Baba hatajua. Mteja hatajua. Nani atakuwa ameumia?"

Nitakuwa muwazi: nilitaka kukubali. Moyo wangu wote ulisema ndiyo. Niliwaona wageni sebuleni, mapazia ya mama, shangazi zangu wakivutana nani akae mbele. Nilimwona yeye amevaa shati jeupe, ametulia, wangu.

"Pini nene itahamishia ufa kwenye kilango chenyewe," nikasema. "Au kwenye bawaba. Sijui. Sijahesabu."

"Sasa si utahesabu?"

"Baada ya kusaini? Mara ya pili?" Nikarudi nyuma hatua moja. "Fundi, kule kituoni kuna mtu anakaa karibu na hilo bomba. Ana kiti chake pale, ana redio ndogo. Nimekwenda, nimemwona."

Alifumba macho. Nilijua nimempata, na nilijua pia kwamba kwa kumpata nimempoteza, yote kwa pamoja.

"Leo nani atasimama kwenye geji ya presha?" nikamuuliza.

"Mimi," akasema. "Nani mwingine?"

Mlango ukasukumwa. Mzee Nyundo alikuwa amesimama kizingitini, mfupi, mpana, kofia imekaa upande. Nyuma yake mama mmoja aliyevaa suruali na viatu vya kazi, faili kwapani: Msimamizi wa kituo cha maji. Alikuja mapema, na hakuwa mtu wa porojo.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu. Miaka miwili nililisubiri neno hilo, na limenijia siku ya kuniumiza.

"Huyu ndiye aliyeipitisha," mzee akamwambia Msimamizi, akinionyesha kwa kidevu, na usoni pake kulikuwa na fahari ambayo alikuwa akijitahidi kuificha na ikamshinda. "Mimi hizi kompyuta zilikuwa hazinikai kichwani. Lakini huyu ana macho. Ameiona kazi yangu kwa ndani." Kisha akatugeukia, akatabasamu kwa kona ya mdomo. "Nanyi mnajifungia stoo asubuhi yote hii? Subirini Jumapili, jamani. Zimebaki siku mbili."

Msimamizi akacheka. Fundi hakucheka. Aliniangalia mara moja tu, macho mekundu, akatikisa kichwa kidogo sana. Sikujua ananiambia sema au ananiambia nyamaza. Mpaka leo hajaniambia.

"Mzee," nikasema, "vali isifunguliwe yote. Ifunguliwe nusu, iachwe hapo."

"Nusu?" Akanitazama kana kwamba nimemwomba avae kanzu kichwa chini. "Nusu hufungua mwoga. Kwa nini nusu?"

"Kwa sababu ripoti yangu si sahihi."

Msimamizi akashusha faili kutoka kwapani. Wale wa spana wakasogea mlangoni.

Nikasema yote. Nilisema nikiwa nimesimama katikati ya rafu za pini, mikono nimeifungia nyuma. Jinsi nilivyokigandisha kilango. Jinsi nilivyojua kuwa haitoshi. Sikusema kwa nini, na hapakuwa na haja. Mzee Nyundo hakunikatiza hata mara moja. Ile fahari ilimtoka usoni, pakabaki uso wa mtu anayesikiliza bei ya kitu alichoibiwa.

"Mara sita," akasema nilipomaliza. "Nimeijaribu mara sita kwa mikono hii. Leo unaniletea karatasi ya kwanza, kesho ya pili. Niamini ipi?"

"Usiamini karatasi, Mzee. Fungua nusu, usubiri dakika tano."

"Na isipotokea kitu?"

"Nitakuomba radhi mbele ya watu wote hawa, na Jumapili nitakuwa mimi niliyejiaibisha, si wewe."

"Jumapili!" akasema. "Bado unaiita Jumapili."

Msimamizi akafungua faili lake. "Tufungue nusu," akasema. "Mimi ndiye nitakayelaumiwa kama haikufaa."

Tukatoka uani. Bomba lilikuwa limelala juu ya miguu ya chuma, nene kama mwili wa mtu, vali katikati, tangi upande mmoja na pampu upande wa pili. Fundi akaenda kusimama kwenye geji, hatua mbili kutoka kwenye vali, kama alivyosimama mara zote.

"Asisimame pale," nikasema.

"Anasimama pale siku zote," akajibu mzee.

"Mzee, nakuomba."

"Baba amesema," Fundi akasema bila kunitazama. "Washeni."

Pampu ikanguruma. Mzee mwenyewe alizungusha gurudumu la kufungulia maji, polepole, kwa uchungu, kama anayejilazimisha kunywa dawa. Mshale wa geji ukapanda, ukafika katikati. Akaacha. Maji yakapita ndani ya bomba kwa sauti nzito, laini, isiyobadilika.

Dakika moja. Hakuna kitu. Mafundi wakaanza kutazamana.

Dakika ya pili. Mzee Nyundo akaniangalia, akavuka mikono kifuani. Je, kama nimekosea? Je, kama hesabu ya kwanza ndiyo ilikuwa kweli, nami nimeivunja nyumba yangu kwa mikono yangu mwenyewe kwa sababu ya wavu uliofumwa vibaya? Haki ya Mungu, nusu yangu ilikuwa inaomba chuma kitulie, na nusu nyingine inaomba kilie.

"Dakika ya tatu," mmoja wa mafundi akasema, na nikasikia kicheko kinamnyemelea.

Mzee akasogea, akaweka kiganja juu ya bomba. Hivyo ndivyo anavyosikiliza, nyundo zilimmaliza masikio zamani. Alikiweka tu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha nikaona bega lake limeinuka.

Yeye alisikia kabla yetu. Sisi tulisikia baadaye: ko. Ko. Ko-ko. Halafu ko-ko-ko-ko, mfululizo, kali, bomba zima likaanza kucheza juu ya miguu yake na mshale wa geji ukawa hauonekani kwa kuruka.

"Toka hapo!" mzee akapiga kelele. "Mwanangu, toka!"

Fundi hakutoka. Alikimbilia upande wa pili, kwenye swichi ya pampu, akapita pembeni kabisa ya vali inayopiga, nami nikasikia mtu anapiga mayowe, kumbe ni mimi. Akazima. Kilango kikajifunga kwa kishindo kimoja kilichotikisa ua mzima, maji yakaruka kwenye maungio, yakamlowesha kutoka kichwani mpaka miguuni.

Akasimama pale, ametota, mzima. Nikakaa chini kwenye saruji.

Ilichukua nusu saa kuifungua vali. Mzee aliitoa pini mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Ilikuwa imepinda, na karibu na kichwa chake kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Aliigeuza mwangani mara mbili tatu. Akampa Msimamizi.

"Nani alisaini ripoti ile?" Msimamizi akauliza, ingawa alijua.

"Mimi."

Akaitoa kwenye faili, akanipa na kalamu. Niliandika IMEFUTWA kuanzia kona hadi kona, juu ya jina la vali, juu ya namba zangu nzuri, juu ya saini yangu. "Nitaiandikia ofisi yenu," akasema Msimamizi. "Sitaficha kitu."

"Usifiche."

Akaondoka. Mafundi wakakumbuka kazi zao mahali pengine, haraka haraka. Tukabaki watatu uani, na dimbwi la maji katikati yetu.

"Leo umesema kweli," Mzee Nyundo akaniambia. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Ungenyamaza, ningemzika mtu. Huenda mtoto wangu. Hilo nitakushukuru mpaka kufa. Lakini siku ile ya kwanza ulisaini kwa sababu gani?"

Nikalitazama dimbwi.

"Sema, mimi si kiziwi kiasi hicho."

"Nilikuwa nataka ukubali."

"Ulikuwa unanifurahisha."

"Ndiyo, Mzee."

"Wanaonifurahisha ninao wengi. Hawa vijana wote hapa wananifurahisha, hakuna hata mmoja aliyeniambia nifungue nusu." Akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. "Jumapili haipo. Mwambie mama yako arudishe viti vya watu."

"Jumapili ipo," Fundi akasema.

Sote tukamgeukia. Maji yalikuwa bado yakimdondoka kidevuni.

"Usinipinge mbele ya..."

"Sikupingi, baba. Nimemkasirikia kuliko wewe. Wewe umedanganywa siku kumi na mtu wa ofisini. Mimi nimedanganywa na mtu wangu, akilia kwenye simu, mimi namwambia pole, furaha huja na machozi. Pumbavu mimi!" Akajifuta maji usoni. "Lakini hasira hizi ni zangu na yeye. Tutagombana, tutamalizana. Jumapili nakwenda kwao. Ukitaka tutakwenda wawili. Usipotaka nakwenda peke yangu, na hasira zangu zote."

Jamani, nani hataki kupendwa hivyo? Nilikuwa na mwanamume mbele yangu aliyenikasirikia na bado ananichagua, mbele ya baba yake, mchana kweupe. Ningenyamaza tu. Kimya changu kingetosha kuwa ndiyo. Nikamtazama mzee, nikaona jinsi anavyomtazama mwanawe, kana kwamba ni yeye aliyelowa na baridi.

"Usije," nikasema.

Fundi akanigeukia polepole. "Umesemaje?"

"Usije Jumapili. Usije peke yako kwetu na kumwacha baba yako nyumbani kwa ajili ya kosa langu. Sikutaka kukupata hivyo."

"Ulitaka kunipata vipi? Kwa karatasi ya uongo?"

Ilinichoma, na alitaka inichome. "Kwa haraka," nikasema. "Nilitaka kukupata kwa haraka. Nilichoka kuachwa kwenye kona. Nikaona mwezi unaisha, nikaogopa hutakuwepo mwezi mwingine."

"Ungeniambia, 'Sijamaliza, nipe muda.' Maneno matatu. Ningekusubiri. Ningekusubiri mpaka mvi! Miaka miwili nilikuwa nafanya nini kama si kukusubiri?"

Hapo ndipo nililia. Asubuhi nzima sikulia. Nililia nimesimama wima, mikono ikining'inia, bila hata kujifuta. Naye hakuja kunishika. Alisimama ng'ambo ya lile dimbwi akanitazama nikilia, na midomo yake ilikuwa inacheza.

Mzee Nyundo alikuwa ameshatugeuzia mgongo. Aliinama juu ya vali iliyofunguliwa, akatia mkono ndani, akakisukuma kilango kikafunguka nusu, akakiacha hapo, akakitazama muda mrefu.

"Nikibadilisha bawaba," akasema, bado ametupa mgongo, "nikakipunguza uzito hapa chini. Utajuaje kama kitatulia?"

Nilidhani anazungumza na mwanawe. Fundi naye alidhani hivyo, akasogea. Mzee akamzuia kwa kiganja.

"Namuuliza huyu."

Nilijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nitahesabu upya, Mzee. Nikikiacha kicheze. Tangu mwanzo."

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja. Nikijitahidi, kumi."

"Fanya kumi na tano," akasema. Akakiachia kilango kikajifunga. "Hakuna anayekukimbiza."